Kapu la Vilivyofutwa

Kura zilifungwa Jumatano saa nne asubuhi. Ishirini na tatu zilisema ndiyo, moja ikasema hapana, na Kalunde Mihambo akawa mlinzi wa Ramani.

Habari hizo zilimkuta kazini, kwenye ghala la ushirika wa asali la Sikonge, ameshika kijiko cha kuonjea. Kwa miaka tisa alikuwa mchoraji wa kujitolea kama maelfu ya wengine. Akitoka kazini aliketi akasahihisha njia za porini, akaongeza visima, akaondoa madaraja yaliyosombwa na mvua. Hakuna aliyemtuma. Alifanya hivyo kwa sababu Ramani ilikuwa ya watu wote, na kwa sababu magari yaliifuata bila kuuliza. Gari halikuwa na usukani tena. Ukipanda ulitaja unakokwenda, nalo likatazama Ramani. Kama mahali pale pamechorwa, lilikwenda. Kama hapakuchorwa, lilibaki palepale na kukuambia kwa sauti ya upole kwamba mahali hapo hapapo. Vipanga, yale matiara ya kubebea dawa na barua, navyo viliruka kwa kufuata Ramani. Hata ofisi za wilaya hazikuwa na orodha nyingine ya vijiji.

Mchoraji wa kawaida alichora na kusahihisha, basi. Mlinzi aliongezewa mengine: kufuta papo hapo, kufunga sehemu isiguswe, kurudisha kilichofutwa, na kufungua Kapu, ambamo kila kilichowahi kufutwa kilihifadhiwa. Wachoraji walijua Kapu lipo, lakini hawakuwahi kuliona.

Aliyepiga kura ya hapana alikuwa Mwalimu Ladislaus Mwanisenga wa Tabora, na hilo lilimchoma Kalunde kuliko alivyotaka kukubali. Ladislaus ndiye aliyemfundisha kuchora. Chini ya kura yake aliandika mstari mmoja: “Sina shaka na uwezo wake. Nina sababu yangu.”

Saa sita, wenzake walipokwenda kula, Kalunde akafungua Kapu la eneo lake.

Alitegemea takataka, na takataka alizikuta. Vibanda vilivyochorwa mara mbili, matusi yaliyoandikwa juu ya kituo cha polisi, uwanja wa ndege ambao mtu aliuota. Kisha akasogeza kusini magharibi, kilomita tisini ndani ya miombo, ambako Ramani ilionyesha msitu mtupu. Hapo Kapu lilikuwa jeusi. Vitu elfu nne mia moja na kumi na sita vilikuwa vimelaliana mahali pamoja, vyote vimefutwa kwa sababu ileile ya neno moja, *uzushi*, na karibu vyote vimefutwa na chujio, kifutio kinachojiendesha chenyewe, lililowekwa na Ladislaus Mwanisenga miaka ishirini na minane iliyopita.

Akaanza kusoma tangu mwanzo. Kisima. Nyumba ya Kasanda. Nyumba ya Mlela. Shule, madarasa mawili. Njia ya mtoni. Kisha Kisima tena, na Nyumba ya Kasanda tena. Mtu alikuwa amechora, kikafutwa, na kesho yake akachora upya. Hakuchora ovyo. Kila nyumba ilikuwa na kona nne zilizopimwa kwa makini, na juu ya zote liliandikwa jina ambalo Kalunde hakuwahi kulisikia: Igwisisi.

Miaka ilivyosogea, nyumba zilipungua na makaburi yakaongezeka. Kaburi la Kasanda. Kaburi la mtoto wa Mlela. Mwanzoni yalikuja moja moja, mwaka huu moja, mwaka kesho moja. Katika wiki tatu za mwisho yalikuwa tisa.

Alipokuwa bado anatazama, kitu kipya kikadondoka Kapuni. Mtu, sasa hivi, jua likiwa utosini, alikuwa amechora mstatili mdogo mwishoni mwa safu ya makaburi na kuuandikia maneno.

*Kaburi langu. Bado tupu.*

Kalunde akaweka kijiko mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika.

*

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.” Uso wa Ladislaus kwenye kioo ulikuwa wa kijivu. “Umefungua Kapu.”

Hakuwa anauliza. Kalunde naye hakuzunguka. “Igwisisi ni nini?”

Ladislaus alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, hakuivaa tena. “Unaikumbuka ile homa?”

Hakuikumbuka vizuri, lakini ilikuwa imemlea. Alikuwa na miaka mitano ilipomchukua mama yake. Watu mia na sitini walikufa Sikonge msimu ule, damu ikiwatoka kwenye fizi, na kumbukumbu pekee aliyobaki nayo ni mlango uliofungwa na shangazi yake amekaa mbele yake ili asiingie.

“Ilianzia Igwisisi,” Ladislaus akasema. “Ikaja amri kijiji kitolewe kwenye Ramani, gari lisiingie wala lisitoke. Miezi sita. Walinzi watatu tulitia sahihi. Wenzangu wawili wameshafariki.”

“Miezi sita, mwalimu.”

“Ofisi iliyotoa amri ilivunjwa kabla miezi haijatimia. Hakuna aliyekuja kuniambia rudisha. Kule ndani alikwama mpimaji ardhi, mwenyeji wa hapo, na kipimio chake cha zamani, kile kinachotumia jua na kuongea na setilaiti moja kwa moja. Kinaonyesha Ramani na kinatuma michoro. Kila mchoro unabeba maandishi ya herufi thelathini, zaidi ya hapo hakiwezi. Siku ya kumi na moja akaanza kuchora. Nikafuta. Akachora. Nikafuta. Miaka miwili nilifuta kila asubuhi kabla sijaingia darasani. Walinzi wengine nikawaambia ni mtu wa mjini anafanya mzaha.”

“Ulijua si mzaha.”

“Mtu wa mzaha hapimi kona za nyumba. Nikaweka chujio, nisione tena. Mwaka wa kwanza nilijiambia nitarudisha homa ikiisha. Mwaka wa tano nikajiuliza nitasema nini wakiniuliza nilikuwa wapi. Mwaka wa kumi sikujiambia kitu. Eneo lile lingekuwa lako, Kalunde, ndiyo maana nikakataa. Sikutaka ulione. Sikutaka unione.”

Kalunde alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu aliyemzidi umri.

*

Mumewe, Sizya, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha Sikonge. Alimkuta uani anaanua sare zake, akamwonyesha Kapu. Sizya alisoma makaburi yote, kisha akaipigia ofisi ya afya ya wilaya. Sauti ya mashine ilimsikiliza mpaka mwisho, ikamjibu kwamba sehemu aliyoitaja haipo. Alipoomba mtu, akapewa karani. Karani naye alitazama Ramani, akasema kwa adabu kwamba haoni kitu ila miti, na kwamba angepeleka suala hilo mbele. Lingechukua siku saba, pengine kumi.

“Sheria ya walinzi nayo ni siku saba,” Kalunde akasema. “Mahali palipofungwa kwa amri ya afya hapafunguliwi mpaka walinzi watatu wakubaliane na watu wajadili.”

“Makaburi tisa kwa wiki tatu. Siku saba ni matatu mengine.”

“Na kama ni homa?”

Sizya alikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena. “Kama ni homa, ukiwafungulia utaikaribisha nyumbani. Ile hulala kwenye damu ya aliyepona. Anaweza kutembea nayo miaka, mwenyewe mzima, kisha siku moja ikaamka, akaisambaza.”

Ndani, binti yao Wande alikuwa anakariri majedwali ya kuzidisha kwa sauti. Kalunde alimsikia anakosea, anarudia, anakosea tena palepale. Akawaza mlango uliofungwa. Akawaza kwamba angeweza kuliacha chujio lifanye kazi yake, akalifunga Kapu, akarudi kwenye madaraja na visima, na hakuna binadamu ambaye angemuuliza. Kidole chake kilikaa juu ya kioo muda mrefu. Kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuhitajika kufanya lolote.

“Nitawauliza wenyewe,” akasema.

*

Kesho yake asubuhi, mara jua lilipopanda, alisimamisha chujio kwenye duara dogo kuzunguka kisima. Lilikuwa dogo mno kwa gari au kipanga kulitambua kama mahali. Kando ya kisima akachora nukta, akaiandikia: *Nani anachora hapa?*

Dakika arobaini msitu wa Ramani ulibaki kimya. Sizya alikuwa ameketi karibu naye, chai yake imepoa. Kisha nukta ya pili ikajitokeza pembeni ya ile ya kwanza.

*Umeniona?*

Kalunde akajibu kwamba ndiyo, amemwona. Zamu hii hawakusubiri sana.

*Mimi Nyamizi. Baba alikufa.*

Ikafuata nyingine kabla hajajibu.

*Huko bado kuna homa?*

Mume na mke walitazamana. “Anasema nini huyu?” Sizya akauliza. “Homa huku?”

Kalunde akaandika: *Huku haipo miaka thelathini.* Safari hii palipita muda, kana kwamba huko mbali kuna watu wengi wameinama juu ya kioo kimoja na hawaelewani. Nukta ilipokuja ilikuwa imewekwa vibaya, mbali na kisima.

*Tuliambiwa wagonjwa ni nyie*

Kipande kwa kipande, herufi thelathini kwa herufi thelathini, wakapata habari yote. Wazee wa Igwisisi waliona vipanga vya ulinzi vikimrudisha kila aliyejaribu kutoka. Waliona magari yameacha kuja na nyumba zao zikipotea kwenye kipimio kila walipozichora. Wakahitimisha kwamba dunia ya nje imekufa, na iliyobaki ni mashine. Ndivyo walivyowafundisha watoto. Vipanga hivyo vilipoacha kuja, hakuna aliyetaka kutoka tena. Nyamizi alikuwa anachora kwa sababu baba yake, yule mpimaji, alimwagiza asiache. Hakuamini kwamba kuna mtu. Jana, akiwa amechoka kuwazika wenzake, alikuwa amechimba kaburi lake kabla nguvu hazijamwishia.

Sizya akasogea. “Muulize kama kuna damu kwenye fizi.”

*Hapana. Maji tu kama ya mchele*

Sizya akapumua kwa nguvu. “Hicho ni kipindupindu. Kisima kimeingiwa na uchafu, mvua zile za mwezi uliopita. Hii inatibika, Mama Wande. Inatibika kwa maji na chumvi.”

“Akiwa anasema kweli.”

“Ndiyo. Akiwa anasema kweli.”

“Mtu anayekufa anaweza kuandika lolote ili afunguliwe.”

“Anaweza,” Sizya akasema. “Lakini hakuomba afunguliwe. Ameuliza kama sisi tunaumwa.”

Kalunde aliisoma tena ile mistari. Mpango wake wa kwanza ulikuwa mwepesi: angeirudisha Igwisisi bila barabara, nukta tupu katikati ya msitu. Kipanga kingeipata nukta na kushusha dawa, magari yasingeweza kuingia. Alimweleza Sizya, naye akatikisa kichwa.

“Mtu aliyeishiwa maji hawezi kunywa. Anahitaji sindano ya mshipa, na mtu wa kuichoma. Kisima kinahitaji mtu wa kukitibu. Damu za homa zinahitaji mtu wa kuzichukua. Boksi halifanyi kazi hizo.”

“Nani atakwenda?”

Sizya alichukua sare yake iliyokunjwa, na Kalunde alielewa kwamba alikuwa ameshajibiwa tangu jana uani.

“Baba Wande.”

“Nitakaa huko mpaka damu zao na yangu zisome safi. Siku ishirini na moja baada ya mgonjwa wa mwisho. Nikiingia, unaifuta njia nyuma yangu.”

“Usiniambie nifanye hivyo.”

“Nani mwingine ana uwezo wa kuifuta?”

*

Sizya aliondoka Ijumaa saa moja asubuhi kwa gari la ushirika, lile la magurudumu makubwa lililozoea kubeba mizinga porini. Walikuwa wamemwambia Wande kwamba baba anakwenda kazini mbali. Wande alimpa chungwa la safari, akarudi kwenye majedwali yake.

Barabara ya zamani ilikuwa chini ya nyasi, lakini ardhi yake bado ilikuwa ngumu. Kalunde aliichora kwa kufuata picha ya setilaiti ya miaka thelathini nyuma, na mwishoni mwake akaweka nukta ya Igwisisi. Mara tu alipoihifadhi, akaona kile alichokiogopa. Magari mawili ya wachuuzi huko Ipole, bila mtu kuyaagiza, yalianza kuhesabu safari ya kwenda Igwisisi. Ramani ilikuwa imesema kuna kijiji, na kijiji kina wanunuzi.

Basi akafuta. Gari la Sizya lilikuwa nukta ya bluu. Kila lilipopita kona, Kalunde aliifuta kona ile. Lilipovuka korongo, akafuta kivuko. Kwenye kioo, mstari wa barabara ulikuwa unaliwa kuanzia mkiani, na mbele yake nukta ya bluu ikizidi kuzama kijanini. Magari ya Ipole yakakosa pa kuanzia, yakatulia. Kazi hiyo ilichukua saa tano na nusu. Hakula wala hakunyanyuka. Alipofuta kipande cha mwisho, nyuma ya mumewe palibaki kilomita tisini za msitu ambao hakuna gari lingeuvuka, na kama Sizya angepanda lile alilokwenda nalo na kulitajia nyumbani, lingemjibu kwa upole kwamba haliioni njia.

Ramani ilimtaka achague sababu ya kufuta. Akakaa mbele ya ile orodha fupi, hakuna hata moja iliyokuwa kweli. Mwisho akaandika yake: *Mume wangu yuko upande wa pili.*

Jioni ile Mwalimu Ladislaus alipiga simu. Alikuwa ameona. Kila mlinzi aliona. Watatu walikuwa wameshaandika malalamiko: mlinzi wa siku mbili, amefungua mahali pa karantini peke yake, bila mjadala.

“Wana haki,” Kalunde akasema.

“Wana haki,” Ladislaus akakubali. “Nimeliondoa chujio langu. Nimeanza kurudisha vilivyofutwa.”

“Vyote unaweza kuvirudisha kwa mara moja, mwalimu.”

“Najua. Ninarudisha kimoja kimoja. Nasoma jina kwanza.”

*

Wagonjwa kumi na wawili walitundikiwa maji. Wawili walikufa siku ya kwanza, mmoja siku ya tatu, baada ya hapo hakufa mtu. Sizya alitumia kipimio cha Nyamizi, naye akajifunza kusema mengi kwa maneno machache. *Kisima kimetiwa dawa.* *Leo wanakula uji.* *Hapa watoto wananishika uso.* Alieleza baadaye kwamba watoto wale walikuwa hawajawahi kuona mtu asiye wao, na walimgusa kuhakikisha kwamba ana joto.

Kilichomsumbua Kalunde katika siku zile si hofu ya homa tu. Kila asubuhi aliamka akafungua Ramani kabla ya kunawa, kuona kama nukta za Igwisisi bado zipo. Wakati mwingine kioo kilichelewa kujaa, na kwa sekunde chache alitazama msitu mtupu na kufikiri kwamba mumewe hakuwahi kuwepo. Alimwona Wande akila, akawaza: kama mlinzi mmoja tu, aliyechoka, angebonyeza mahali pabaya, nani angeweza kuthibitisha kwamba mtoto huyu ana baba?

Siku ya ishirini na sita kipanga kilipeleka mirija Tabora, damu za watu thelathini na mmoja na ya Sizya. Majibu yalikuja Alhamisi kabla ya saa tano, yakiwa yameelekezwa kwa Kalunde kwa sababu kwenye orodha ya maabara Igwisisi haikuwa na anwani nyingine.

Sizya alikuwa safi. Watu thelathini walikuwa safi. Mmoja alikuwa na homa imelala kwenye damu yake, ya zamani sana, na hakukuwa na dawa ya kuitoa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Aliugua akiwa na miaka minne, akapona bila dawa nyumbani kwao, na hakuna aliyebaki hai wa kumkumbusha.

Nukta ikatokea kando ya kisima.

*Majibu vipi? Mimi Nyamizi*

Kalunde alijua kwamba angeweza kumwambia Sizya amwambie. Sizya alikuwa hatua chache kutoka pale, angejua namna ya kukaa naye. Lakini aliyeuliza alimuuliza yeye. Akaandika, akafuta, akaandika tena, akihesabu herufi.

*Homa ipo kwa mmoja. Ni wewe*

Siku ile hakikuja kitu tena, ingawa jua liliwaka mpaka saa kumi na mbili.

*

Ijumaa asubuhi, ng’ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kutoka nyumba ya mwisho ya Igwisisi, mtu alichora kona nne. Zilikuwa zimepimwa vizuri. Ilikuwa nyumba ndogo, chumba kimoja, haina njia ya kuiendea.

*Nakaa hapa. Wafungulieni*

Sizya alieleza baadaye kwamba usiku kucha watu wa kijiji walimsihi Nyamizi abaki, na kwamba alijibu kwa utulivu tu. Alikuwa ametumia maisha yake yote akichora ili watu wale waonekane, na sasa kizuizi pekee kilichobaki kilikuwa mwili wake mwenyewe. Alibeba mkeka, sufuria na kipimio. Alimwomba Sizya ambebee jembe, amwachie kwenye ukingo wa mto.

Mlinzi wa tatu alipatikana, mama mmoja wa Kigoma ambaye hakusema mengi, akatia sahihi chini ya sahihi ya Kalunde na ya Ladislaus. Igwisisi ikarudi rasmi kwenye Ramani Jumatatu. Barabara ikachorwa, na safari hii haikufutwa. Magari ya kwanza yalifika kabla ya adhuhuri. Sizya alirudi na mojawapo akiwa amekonda, na Wande alimtazama kwa muda kabla ya kumkimbilia.

Mjadala uliobaki ulikuwa wa nyumba ile moja. Walinzi waliandika kurasa na kurasa, kwa lugha nzuri, na wengi walikuwa watu wema. Walisema nyumba ikiwepo kwenye Ramani ipo siku gari litakwenda, au mtoto atavuka mto, au mwandishi wa habari atataka picha. Walisema ni salama zaidi isiwepo. Chakula kingeweza kupelekwa kwa mpango maalumu, kimyakimya, na mtu fulani angekumbuka. Mmoja aliuliza: kwani yeye mwenyewe si ametaka kujitenga?

Kalunde aliwajibu kwamba alitaka kutengwa na watu, hakutaka kufutwa, na kwamba yeyote aliyeahidi kukumbuka aende kwanza akazungumze na Mwalimu Ladislaus. Kwa hoja tofauti, kura ya kumvua ulinzi ilikuwa imeshaitishwa kwa ajili ya ile barabara, nayo ilikuwa inafungwa Jumatano saa nne. Alizihesabu. Asingeshinda.

Ilipotimia saa tatu na nusu, aliomba ruhusa ghalani, akaketi kwenye ngazi za nyuma juani. Alifungua ile nyumba ya ng’ambo ya mto. Akazuia barabara yoyote isichorwe kuifikia. Akaruhusu kipanga, kila Jumatatu na Alhamisi. Kisha akaifunga kwa kufuli la mlinzi, ambalo likishawekwa haliondoki kwa mkono wa mtu mmoja, hata wa aliyeliweka. Walinzi wote wa Ramani wangelazimika kukaa pamoja, kila mmoja aandike jina lake, ndipo liondoke.

Palikuwa na nafasi ya maandishi. Kalunde alifikiri kidogo, akaandika: *Nyumba ya Nyamizi. Yupo.*

Akahifadhi. Muda si mrefu kioo kikamwarifu, kwa sauti ya upole, kwamba yeye si mlinzi tena, na Kapu likajifunga mbele ya macho yake. Nyumba ilibaki.